SOMO LA FIZIKI: SABABU GANI WANASIMAMISHA MASHINI ZA UPEPO WAKATI UPEPO UNAVUMA?



Katika kalasi ya tano, wakati wa somo juu ya dinamo, ulizo moja lilitoka kwa vijana wanaokaa nyuma: «Mwalimu, tunasikia ya kwamba kule Ujerumani wako na mashini nyingi za kutoa umeme kwa nguvu ya upepo. Lakini siku zingine upepo unavuma sana, nao wanazisimamisha, tena wanamlipa mwenye mashini sawa kama angekuwa anatoa umeme. Si wazimu huo?» Kalasi yote ilicheka. Lakini ulizo lile si la kucheka. Mtu akitaka kulijibu vizuri, sharti ajue mambo mawili: mizani ya umeme, na njia za umeme. Ndiyo maana tumeandika somo hili. Lisomeni polepole, na mwisho mjaribu maulizo.

1. UMEME HAUKAI GHALANI

Ukivuna mahindi mengi, unayaweka ghalani na kuyala mwezi ujao. Umeme si hivi. Umeme unaopita katika waya unatumiwa saa ileile unapotolewa. Hata batri haiweki umeme wenyewe. Inaugeuza kuwa nguvu ya kemia, halafu inaurudisha. Vilevile baraji haiweki umeme, inaweka maji. Basi, kila saa, kila dakika, kila sekunde, umeme unaotolewa na mashini zote za rezo lazima uwe sawa na umeme unaotumiwa na watu wote wa rezo ile. Hii ndiyo mizani.

Mizani ikipotea, kitu gani kinatokea? Mmekwisha kuona ninyi wenyewe. Angalieni gurupu ndogo ya mazutu inayowasha ampuli kumi. Inalia kwa sauti moja. Fundi wa mbao akiwasha musumeno wake wa umeme juu ya gurupu ile, sauti inageuka: motere inalemewa, inapunguza mbio, ampuli zinafifia. Kisha kile chombo cha kuongoza mbio kinaongeza mazutu, na sauti inarudi kama mbele. Musumeno ukizimwa kwa ghafula, motere inakimbia kupita kiasi kwa muda kidogo.

Katika rezo kubwa ya inchi ni jambo lilelile. Mashini zote kubwa zinazunguka pamoja, kama watu wanaotwanga katika kinu kimoja kwa mwendo mmoja. Kwetu Kongo, na Kenya, na katika Ulaya, umeme unapiga mara 50 katika sekunde moja. Marekani unapiga mara 60. Hesabu hiyo ya mapigo tunaiita frekansi, na kipimo chake ni hezi, kwa ukumbusho wa Heinrich Hertz, mwalimu wa fiziki wa Ujerumani. Kumbukeni sheria hii:

– Umeme unaotolewa sawa na unaotumiwa: frekansi inabaki 50.
– Watu wanatumia kupita unaotolewa: frekansi inashuka.
– Umeme unaotolewa unapita unaotumiwa: frekansi inapanda.

Kwa hiyo watu wanaolinda rezo wanakaa mbele ya kipimo kile usiku na mchana, kama muuguzi anayeshika mapigo ya mgonjwa.

Kuna kitu kingine cha kuwasaidia. Ukiwa juu ya kinga yako, na uache kukanyaga, kinga haisimami mara moja. Gurudumu linaendelea kwa uzito wake. Mashini za santrali ni nzito, tani nyingi nyingi za chuma. Santrali moja ikianguka, zingine zinaendelea kuzunguka kwa uzito wao, na frekansi inashuka polepole kidogo. Nafasi hiyo ni ya sekunde chache tu, lakini ni sekunde zenye kuokoa.

2. VIKOSI VITATU VYA MSAADA

Rezo ya bara la Ulaya imeunganishwa toka Ureno mpaka Poland na kupita. Wameweka vikosi vitatu vya kurudisha mizani.

Kikosi cha kwanza kinaamka chenyewe, bila mtu kutoa amri. Kila mashini iliyomo inaona frekansi imeshuka, nayo inaongeza nguvu. Kikosi hiki ni cha megawati 3.000, na sharti kiwe tayari chote katika sekunde 30. Walichagua 3.000 kwa sababu walisema: tuseme santrali mbili kubwa kabisa zianguke pamoja, tuweze kusimama.

Kikosi cha pili kinaongozwa na mashini za hesabu za kila rezo, na kinafika kwa dakika 5 hivi. Kazi yake ni kurudisha frekansi mpaka 50, na kupumzisha kikosi cha kwanza.

Kikosi cha tatu kinaitwa na watu wenyewe, na kinatimia karibu na robo ya saa.

Vikosi vyote vikishindwa, na frekansi ikifika 49, kuna dawa kali: swichi zinajikata zenyewe, na mitaa mizima inaingia gizani. Sisi tunalijua neno lake vizuri: delestaji. Lakini hii si delestaji ya kugawanya umeme usiotosha, leo mtaa huu, kesho mtaa ule. Hii ni ya kuokoa rezo yote isife. Ni kama kutupa mizigo majini ili mtumbwi usizame.

3. UPEPO NI MTUMISHI WA NAMNA GANI?

Sasa tumlete upepo katika mizani hiyo. Upepo una tabia tatu ambazo mlinzi wa rezo sharti azijue.

Tabia ya kwanza: nguvu yake inafuata mbio yake mara tatu. Mmesoma ya kwamba nguvu ya upepo unaopita katika mabawa ni nusu ya uzito wa hewa katika metre kubiki moja, mara eneo linalofagiwa na mabawa, mara mbio ya upepo kwa kipeo cha tatu. Maana yake: upepo ukitoka metre 6 kwa sekunde na kufika metre 12, mbio imezidi mara 2, lakini nguvu imezidi mara 2 × 2 × 2, ndiyo mara 8! Na ukipungua kwa nusu, nguvu inabaki sehemu moja tu ya nane. Kwa hiyo mtu akikosea kidogo katika kutabiri upepo wa kesho, amekosea sana katika kutabiri umeme. (Tena mashini haiwezi kukamata nguvu yote. Mjerumani Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka mia moja iliyopita ya kwamba haiwezi kupita karibu 59 juu ya 100, kwa sababu hewa ikisimama kabisa nyuma ya mabawa, hewa nyingine haitapata njia ya kupita.)

Tabia ya pili: iko na mlango wa kuingia na mlango wa kutoka. Mashini nyingi zinaanza kutoa umeme upepo ukifika metre 3 au 4 kwa sekunde. Zinafika nguvu yao ya mwisho kati ya metre 12 na 15. Tufani ikifika metre 25 hivi kwa sekunde, mashini nyingi zinajifunga zisivunjike. Basi tufani kubwa inaweza kuleta umeme mwingi sana, halafu saa ileile kuuondoa.

Tabia ya tatu: mashini nyingi za upepo za siku hizi hazikufungwa na rezo moja kwa moja. Kati yao na rezo kuna vyombo vya elektroniki. Mabawa yanazunguka kwa mbio yao, na vyombo vile vinatengeneza mapigo 50. Hii ni nzuri kwa mashini, lakini uzito wa mabawa hausaidii rezo kama uzito wa santrali za zamani, isipokuwa wenye mashini waviamuru vyombo vile kufanya hivyo. Kisiwa cha Ireland kinajua jambo hili vizuri, kwa maana rezo yake ni ndogo na upepo wake ni mwingi. Mbele, walinzi wake hawakukubali umeme wa namna hiyo upite nusu ya umeme wote wa saa moja. Waliendelea kujaribu kwa uangalifu, hatua kwa hatua, na mwaka wa 2022 walifika 75 juu ya 100.

Je, upepo ni mwenye kuharibu mizani tu? Hapana. Wengi wanakosea hapa. Mashini ya upepo inaweza kuwa mtumishi mwepesi sana wa mizani. Mabawa yake yanaweza kugeuzwa juu ya shina lao, kama mtu anayegeuza kasia ndani ya maji. Ukiyageuza kidogo, upepo unapita bila kusukuma, na nguvu inashuka kwa muda mfupi sana. Santrali ya makala ya mawe haiwezi kushuka upesi hivyo. Basi frekansi ikipanda, mashini za upepo ni kati ya zile zinazoweza kuishusha kwanza.

Kupandisha ni shida kupita kushusha. Mashini inayotoa nguvu yote ya upepo wa sasa haina akiba. Ikitakiwa kusaidia frekansi inaposhuka, sharti iwe imejizuia mbele, kama mkimbiaji anayeweka pumzi kwa ajili ya mwisho. Umeme unaoachwa hivyo umepotea, kwa kuwa upepo wa leo haurudi kesho. Ndiyo maana hawafanyi hivyo kila siku.

4. UGONJWA WA PILI: NJIA IMEJAA

Mpaka hapa tumesema juu ya mizani ya rezo nzima. Lakini rezo inaweza kuwa na mizani sawa kabisa, frekansi 50 bila kasoro, na bado iwe karibu kufa. Namna gani?

Fikirini mto mmoja. Ng'ambo ya huku watu wamevuna mahindi mengi, yanaanza kuoza. Ng'ambo ya pili kuna soko kubwa, na mahindi yanauzwa bei kali. Kati yao kuna daraja moja la miti, linaloweza kubeba kamio moja tu kwa wakati mmoja. Ukihesabu mahindi yote ya pande mbili, yanatosha. Lakini huku yanaoza na kule watu wanalala njaa. Kinachokosekana ni daraja.

Waya wa umeme ni daraja lile. Sababu ni joto. Mmesoma ya kwamba joto katika waya linafuata nguvu ya mkondo kwa kipeo cha pili: mkondo mara 2, joto mara 4. Waya ukipata moto unarefuka, ukirefuka unalegea na kukaribia miti na nyumba. Mbele haujafika hapo, chombo cha kuulinda kinaukata.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kamio na umeme. Kamio ina dereva, umeme hauna. Kama kuna njia tatu kati ya miji miwili, umeme unapita katika zote tatu pamoja, mwingi kwa ile yenye upinzani mdogo, kidogo kwa ile yenye upinzani mkubwa. Hauulizi njia ipi imejaa. Njia moja ikikatika, mzigo wake unarukia zile mbili kwa nukta ileile. Kama nazo zilikuwa karibu kujaa, zinakatika pia. Kwa hiyo walinzi wa rezo wana amri moja kubwa: kila saa, rezo iwe tayari kupoteza njia moja au santrali moja, yoyote ile, bila kingine kulemewa.

5. MFANO WA UJERUMANI

Katika Ujerumani, upepo mwingi uko kaskazini, karibu na bahari na ndani ya bahari yenyewe. Mwisho wa mwaka wa 2024 mashini zote za upepo za inchi ile zilipita megawati 70.000. Lakini viwanda vingi vikubwa viko kusini, katika Bavaria na Baden-Württemberg. Zamani kusini kulikuwa na santrali za atomu. Za mwisho katika inchi yote zilizimwa tarehe 15 Aprili 2023. Basi umeme unashuka toka kaskazini kwenda kusini, na njia za katikati zinajaa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme usiku mmoja upepo wa kaskazini unatoa megawati 10.000. Watu wa kaskazini wanatumia 3.000. Zinazobaki 7.000 zinataka kwenda kusini. Lakini njia salama ni ya 5.000 tu. Mlinzi atafanya nini?

Akipunguza upepo wa kaskazini kwa 2.000 na kuacha hapo, njia imepona, lakini mizani imevunjika: umeme umepungua kwa 2.000, frekansi itashuka. Basi sharti afanye mambo mawili pamoja: ashushe 2.000 kaskazini, na papo hapo apandishe 2.000 kusini, kwa santrali za gazi au za makala ya mawe. Jumla haikugeuka, mizani imebaki, na njia imepumua.

Hapa ndipo jibu la ulizo la kalasi ya tano. Mashini za upepo zilisimama kwa sababu daraja limejaa, ingawa watu wa kusini wanauhitaji umeme ule. Na mwenye mashini analipwa kwa maana sheria inasema hasara si kosa lake: yeye alikuwa tayari kutoa, njia ndiyo iliyokosekana.

Lakini angalieni gharama. Wanalipa mwenye upepo kwa umeme ambao hakutoa. Kisha wanalipa mwenye santrali ya kusini kwa umeme aliotoa, pamoja na gazi na makala aliyochoma. Na moshi unapanda hewani saa ileile ambapo upepo safi umeachwa upite bure. Katika mwaka wa 2023, kazi hiyo ya kusawazisha njia iliwagharimu Wajerumani zaidi ya miliari 3 za euro, na umeme wa upepo na wa jua ulioachwa ulifika karibu kilowati-saa miliari 10. Pesa hizi zinatoka wapi? Zinatoka katika karatasi ya umeme ya kila nyumba. Tena kwa miaka mingi watu wa vijiji vya kaskazini, wanaoishi chini ya mashini zile na kusikia sauti yao, walilipa kodi ya waya kubwa kupita watu wa miji mingi, kwa sababu kwao ndiko waya mpya zilikotakiwa kujengwa. Walinung'unika, na kweli walikuwa na haki. Tangu tarehe 1 Januari 2025 mzigo huo umeanza kugawanywa juu ya inchi yote.

6. USIKU WA TAREHE 4 NOVEMBA 2006

Ili mwone ya kwamba mizani na njia ni ndugu wawili, tusimulie usiku mmoja ambao Ulaya haijausahau.

Jumamosi ile, katika mji wa Papenburg, meli kubwa mpya ya wasafiri iitwayo Norwegian Pearl ilipaswa kushuka mto Ems mpaka baharini. Juu ya mto kunapita waya za volti 380.000. Kwa usalama, kila meli kubwa inapopita, waya zile zinazimwa. Kazi hii ilikuwa imefanyika mara nyingi. Lakini safari hii saa ilibadilishwa, walinzi wa rezo za jirani wakajulishwa kwa kuchelewa, na hesabu ya ile amri kubwa, kupoteza njia moja bila kulemewa, haikufanywa upya kwa vipimo.

Saa 3 na dakika 38 usiku waya zilizimwa. Mzigo wake ulirukia njia zingine upande wa kusini. Usiku ule upepo wa kaskazini ulikuwa mwingi, na umeme ulikuwa ukienda kwa nguvu upande wa magharibi. Njia moja, kati ya Landesbergen na Wehrendorf, ilikaribia kujaa. Tena walinzi wa pande mbili za njia ile walikuwa na vipimo visivyolingana, na mmoja hakujua mpaka wa mwenzake. Saa 4 na dakika 10 walijaribu kuipunguzia mzigo kwa kugeuza swichi katika stesheni, bila kuhesabu kwanza. Badala ya kupungua, mzigo uliongezeka. Njia ikajikata. Kisha nyingine, na nyingine. Katika sekunde zisizofika ishirini rezo ya Ulaya ilipasuka vipande vitatu.

Kipande cha magharibi kilikosa karibu megawati 9.000. Frekansi yake ilianguka mpaka 49. Delestaji ya kuokoa ilianza yenyewe: karibu megawati 17.000 zilikatwa, na nyumba zaidi ya milioni 15 zikawa gizani, toka Ujerumani mpaka Ureno. Kipande cha kaskazini-mashariki kilikuwa na umeme kupita kiasi, na frekansi yake ilipanda kupita 51.

Na mashini za upepo zilifanya nini? Hapa ndipo fundisho. Magharibi, mahali umeme ulipokosekana, nyingi zilijikata zenyewe frekansi ilipofika karibu 49,5. Ziliamriwa hivyo siku zilipojengwa, wakati zilikuwa chache na hakuna mtu aliyezitegemea. Basi karibu megawati 4.000 za upepo zilikimbia vita saa ileile zilipotakiwa. Mashariki, mahali umeme ulipozidi, nyingi pia zilijikata, na hiyo ilisaidia. Lakini baada ya dakika chache zilirudi zenyewe, moja moja, bila mlinzi kuziamuru wala kuziona, nazo zilianza kulemea tena njia za kwenda Poland. Ilibidi santrali zingine zishushwe kwa haraka.

Kwa kazi ya walinzi, vipande vitatu viliunganishwa tena kisha dakika 38 hivi, na umeme ulirudi kwa watu wote kabla ya saa mbili kwisha.

7. WALIJIFUNZA NINI, NA DAWA NI ZIPI?

Kwanza: mashini ya upepo isikimbie. Ujerumani iliandika amri mpya mwaka wa 2009: mashini mpya zibaki zimeshikamana na rezo hata frekansi au volti ikiyumba, na zisaidie kuishika. Mgeni aliyekuwa mtoto katika nyumba sasa ni mtu mzima, na sharti abebe kazi za nyumba.

Pili: mlinzi awe na mkono wa kufika mbali. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021, katika Ujerumani kila mashini ya kutoa umeme kuanzia kilowati 100 inahesabiwa katika mpango wa kushusha na kupandisha, siku moja mbele, kwa kufuata utabiri wa upepo. Wanachagua mashini iliyo karibu na mahali palipojaa, kwa maana kushusha megawati 10 hapo kunaponya njia kupita kushusha 50 mbali.

Tatu: kujenga daraja. Wanajenga njia iitwayo SuedLink, ya kilometre karibu 700 chini ya udongo, ya kupeleka megawati 4.000 toka kaskazini mpaka kusini. Itatumia mkondo wa upande mmoja. Sababu? Njia ya mkondo wa upande mmoja iko kama kamio yenye dereva: inabeba kile unachoiamuru. Lakini ujenzi umechelewa sana. Walitaka imalizike mwaka wa 2022. Sasa wanaingojea mwisho wa 2028. Vijiji vingi vilikataa nguzo ndefu, na mwaka wa 2015 walikubaliana kuzika waya.

Nne: urafiki wa upepo na maji. Tangu mwaka wa 2021 waya wa kilometre 623, sehemu kubwa chini ya bahari, unaunganisha Ujerumani na Norwei, na unaweza kubeba megawati 1.400. Upepo ukivuma sana, Norwei inatumia umeme wa upepo na kufunga maji yake katika baraji. Upepo ukilala, Norwei inafungua maji na kurudisha umeme. Maji yaliyofungwa ndiyo ghala tuliyoikosa mwanzoni.

Tano: kumwomba mtumiaji asogeze kazi yake. Kiwanda chenye kuweza kungoja kinasaga saa ya upepo, kinapumzika saa ya utulivu.

8. NA SISI WA AFRIKA?

Karibu na ikweta upepo kwa kawaida ni mdogo, lakini kuna mahali pa ajabu. Kando ya ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, upepo unabanwa kati ya milima ya Ethiopia na milima ya Kenya, unakimbia kama maji katika mlango wa mto. Huko walijenga mashini 365, kila moja kilowati 850. Zilikuwa zimejengwa zote mwaka wa 2017. Lakini njia ya waya, kilometre zaidi ya 400 mpaka Suswa, haikuwa tayari. Mashini zilingoja zaidi ya mwaka mmoja, na upepo ulipita bure, na serikali ilibidi ilipe fidia. Umeme ulianza kupita mwaka wa 2018. Mnaona? Ugonjwa wa Ujerumani na ugonjwa wa Turkana ni mmoja: mashini ilifika mbele ya daraja.

Sisi Wakongo tunajua upande mwingine wa jambo hili. Toka Inga mpaka Kolwezi kuna njia ya waya ya kilometre 1.700, iliyomalizika mwaka wa 1982 ili kupeleka umeme kwa migodi ya shaba. Ni ya mkondo wa upande mmoja, kama ile ya Wajerumani. Na mkondo huo hauwezi kushushwa kwa transfo ya kawaida; sharti kujenga stesheni kubwa yenye gharama nyingi. Ndiyo maana waya unapita juu ya vijiji, na vijiji vinabaki na taa ya mafuta. Daraja linapita juu ya vichwa vyao, lakini halina ngazi ya kushukia.

Basi siku mtu atakapokuja kuwaambia: «Tutajenga mashini kubwa, ninyi wote mtapata umeme,» msiulize tu itatoa megawati ngapi. Ulizeni maulizo mawili zaidi: njia ya kuupeleka iko wapi, na upande wa kwetu waya utashuka au utapita?

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Katika rezo moja frekansi ni 50,3. Je, umeme unaotolewa ni mwingi au kidogo kupita unaotumiwa? Mashini ya upepo inaweza kusaidia namna gani?

2. Upepo umetoka metre 5 kwa sekunde na kufika metre 10. Nguvu yake imezidi mara ngapi? Na ukifika metre 30, mashini nyingi zitatoa nini?

3. Hesabu megawati za mashini zote za Turkana.

4. Kaskazini inatoa megawati 8.000 za upepo na kutumia 2.500. Njia salama ni 4.000. Mlinzi ashushe ngapi, wapi? Apandishe ngapi, wapi? Nini kitatokea akisahau sehemu ya pili?

5. Mkondo katika waya umetoka ampere 1.000 na kufika 1.500. Joto limezidi mara ngapi?

6. Mjadala kwa kalasi ya tano na ya sita: watu wanaoishi karibu na mashini au chini ya waya, wapaswa kulipa umeme kidogo kupita wengine? Andikeni sababu za pande mbili, kila upande nusu ukurasa, na mpeleke kwa mwalimu wa fiziki.